Tulivyompa Msimamizi Jina

Siku ya kuniaga, walimu vijana wa shule yetu ya viziwi waliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi hii. Mmoja wao, Mwalimu Faith, alisema niandike "kabla hujasahau," kwa upole kama anayezungumza na nyanya yake. Nina miaka sitini, si mia. Lakini nimekaa nyumbani Karungu wiki sita sasa, nimepanda sukuma wiki, nimegombana na kuku wa jirani, na nimeona afadhali niandike.

Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa nani baada ya nani. Hayo yako kwenye faili, na sijaona faili ikimsaidia mtu kufundisha.

Nilifika shuleni, huko Homa Bay, nikiwa nimetoka chuoni na cheti cha Kiswahili na fasihi, sijui ishara hata moja. Niliambiwa nitajifunza nikiwa kazini. Nikasimama mbele ya watoto kumi na wawili nikasema, "Hamjambo, watoto!" Hakuna aliyegeuka. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Ninaandika hili ili mjue kwamba mtu anaweza kuanza na ujinga kiasi hicho na bado akafika mahali.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Okelo, mwalimu wa useremala, ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alikuwa mlangoni, vumbi la mbao kwenye nyusi, ananitazama kama mtu anayetazama kioja. Aliingia, akakanyaga sakafu ya mbao kwa kisigino mara mbili, na vichwa vyote kumi na viwili vikageuka. Kisha akachukua chaki akaniandikia ubaoni: "Sakafu ndiyo kengele."

Kila ninachokijua kilianzia kwake. Alinifundisha kuita mtu kwa kupunga kitambaa, na kuzima na kuwasha taa ninapotaka darasa zima linitazame. Alinikataza kusimama mgongo ukielekea dirishani, maana uso unakuwa giza na nusu ya lugha hii iko usoni. Alinikataza pia kuvaa blauzi za maua, kwa sababu mikono hupotea kwenye maua. Nilikuwa na blauzi tatu, zote za maua. Nilimpa dada yangu.

Baada ya wiki mbili akanipa jina la ishara. Kila mtu katika jamii ya viziwi ana jina lake la mkono, na langu ni kidole cha shahada kinachokunja ngozi katikati ya nyusi. Nililalamika. Okelo akaandika kwenye kipande cha mbao: "Jina hutokana na kinachoonekana. Hatumpi mtu jina kwa tunavyomfikiria. Ukiacha kukunja uso, tutaona." Sikuacha. Hadi leo kwa viziwi wa kaunti mbili mimi ndiye Mkunja-uso.

Nilikuwa na miaka mingi kazini wakati Boke alipoletwa, au niseme tulipomwendea. Chifu msaidizi mmoja wa upande wa Kehancha alipiga simu kwamba kuna msichana kiziwi wa miaka tisa ambaye hufungiwa ndani mchana kutwa. Tulikwenda mimi na afisa wa watoto. Ilikuwa nyumba ya udongo kando ya barabara, shamba la tumbaku nyuma, na mlango una kufuli kubwa kama la stoo. Baba yake, Mwita, alikuwa mjane. Alikuja kutoka shambani, mikono myeusi kwa utomvu wa tumbaku, akafungua bila kubishana.

Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka. Hakuwa na jeraha wala hakuwa na njaa. Alikuwa hana neno hata moja la lugha yoyote, na miaka minne alikuwa ameishi nyuma ya kufuli lile.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Mmoja alimwonyesha Mwita kidole akasema, "Huyu ni mnyama." Mimi nilikuwa mwalimu, sikumwita mnyama. Nilimwambia jambo ambalo wakati ule niliona ni la heshima zaidi. Nilisema, "Wewe si mzazi. Mzazi hawezi kufanya hivi." Mwita alitazama chini. Tukamchukua mtoto. Afisa aliagiza kwamba likizo atakuwa akikaa kwa shangazi yake, Migori mjini.

Boke alikula lugha kama mtu aliyekosa chakula. Mwezi wa kwanza alikuwa akinivuta mkono kutoka kitu hadi kitu: hiki kinaitwaje, hiki je, hiki je. Akamaliza vitu vya darasani, akaenda jikoni, akaenda karakana kwa Okelo akataka jina la kila randa na kila patasi. Okelo, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliniambia, "Huyu atatuchosha," akitabasamu.

Siku za wazazi Mwita hakuja. Mwaka wa kwanza hakuja, wa pili hakuja. Kila mara niliangalia lango hadi saa kumi, kisha nikasema moyoni, ndivyo alivyo. Nakiri kwamba nilipata raha fulani katika hilo. Ni raha kuwa umemsoma mtu mara moja ukapatia.

Sasa niwaeleze kuhusu tamthilia.

Kidato cha tatu tulikuwa na tanzia moja ya kale. Katika tanzia hiyo mfalme anakwenda vitani na kumwachia msimamizi wa nyumba yake ulinzi wa mwanawe wa pekee. Msimamizi anamfungia mtoto kwenye chumba, anatangaza kwamba amekufa, na anatawala kwa jina la mfalme. Mfalme anaporudi, msimamizi anaogopa kufungua mlango. Anachelewa siku moja, anachelewa siku mbili. Mlango unapofunguliwa, mtoto amekufa kweli. Katika mitihani swali lilikuwa karibu moja tu: "Msimamizi ni mwovu. Thibitisha." Nilikuwa nimefundisha kuthibitisha huko kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu walithibitisha vizuri sana.

Mwaka ule niliamua tuiigize kwenye tamasha la drama. Kwa wale ambao hamjawahi kuigiza na viziwi, kuna mambo ya kujua. Usizime taa jukwaani, kwa sababu gizani hakuna anayeweza kusema kitu. Anayeshika upanga hana maneno, au ana nusu ya maneno, kwa hiyo mpe ala ya kuutia. Kunong'ona kunafanywa chini, karibu na tumbo, mwili ukikinga mikono upande mmoja. Na msomaji wa sauti kwa ajili ya wanaosikia akae pembeni kabisa asije akajiona ndiye mchezaji.

Boke nilimpa nafasi ya Msimamizi kwa sababu alikuwa mchezaji bora kuliko wote. Alikuwa na miaka ishirini, kama wengi wa wanafunzi wetu ambao walichelewa kuanza shule. Kama nilifikiria kufuli la kule Kehancha? Sikulifikiria. Mtaona ajabu, lakini ni kweli. Nilikuwa na orodha ya majina na nafasi za kujaza.

Jambo la kwanza lilikuwa kumpa kila mhusika jina la ishara. Mfalme akapewa jina kwa ndevu zake. Mwana wa mfalme akapewa kwa bangili yake. Tulipofika kwa Msimamizi, Otieno, aliyekuwa akicheza mfalme, aliinua kidole cha mwisho juu. Kwetu hiyo ndiyo ishara ya "mbaya," kama kidole gumba kilivyo "nzuri." Darasa zima likainua vidole vya mwisho. Boke peke yake alikuwa amefunga mikono.

"Hilo si jina," alisema hatimaye. Nayaandika haya kwa Kiswahili cha kawaida, lakini mjue yote yalisemwa kwa mikono.

"Kwa nini si jina?" Otieno aliuliza. "Ni mbaya. Kitabu kinasema."

"Hiyo ni hukumu. Jina hutokana na kinachoonekana. Ana nini mwilini? Ana funguo kiunoni. Aitwe Funguo."

"Ukimwita Funguo, watu watajuaje kwamba ni mbaya?"

"Watamtazama," Boke alisema. "Si wana macho?"

Nilitaka tuendelee, muda ulikuwa unakwenda. Nikasema sawa, aitwe Funguo. Otieno akanuna kifalme.

Siku iliyofuata Boke alikuja na kitabu chenyewe, si ule mswada niliowapigia chapa. Alikuwa amekisoma chote. Akaniwekea kidole kwenye ukurasa mmoja. Ni onyesho ambalo Msimamizi amekaa peke yake nje ya mlango aliofunga, anazungumza na mbao. "Hili liko wapi kwenye mswada wetu?"

"Nimelikata. Dakika hazitoshi."

"Umebakisha ngoma ya askari. Ngoma ni ndefu kuliko hili."

Hapo nilisema ukweli. "Nimelikata kwa sababu linawachanganya watazamaji. Msimamizi akionekana anaogopa, watamhurumia. Halafu tanzia inalegea."

Boke akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yakikaribia yangu, jinsi anavyofanya mtu anayetaka usikose ishara hata moja.

"Mwalimu, nikwambie kitu kuhusu baba yangu?"

Miaka kumi na moja hakuwa amemtaja.

Alisema kwamba mama yake alipokufa, yeye alikuwa na miaka mitano na alikuwa akimfuata baba yake kila mahali. Siku moja alitangulia barabarani. Lori la kubeba tumbaku lilikuja nyuma yake, likapiga honi, naye hakujua. Alichokumbuka ni baba yake kuruka, kutimka kwa vumbi, na mguu wa baba yake uliovimba hadi akatembea na fimbo mavuno yale yote. "Baada ya siku hiyo ndipo kufuli lilikuja. Alinionyesha lori kwa mikono, akanionyesha mlango. Alidhani nimeelewa. Sikuelewa. Hakuwa na maneno, na mimi sikuwa nayo. Kila siku saa sita mchana alikuja kunilisha, akarudi shamba."

Nilianza kusema kitu. Akainua kiganja.

"Bado. Siku moja mvua iliingia ndani, nililia, hakuja hadi jioni. Miaka minne, mwalimu. Wenzangu walijua majina ya vitu na mimi sikujua hata kwamba vitu vina majina. Alinikosea sana. Nina hasira naye hadi leo. Lakini ukikata lile onyesho, unanifanya nicheze mtu ambaye hayupo popote duniani."

Nilikuwa nimefundisha tanzia ile labda mara ishirini. Nilirudisha onyesho. Ngoma ya askari tukaipunguza.

Jumamosi ile nilipanda gari hadi Kehancha na kumalizia safari kwa bodaboda. Nilikuwa na barua ya kumwalika Mwita aje kuona onyesho la wazazi shuleni, wiki moja kabla ya tamasha. Nilimkuta anatunga majani ya tumbaku kwenye vijiti. Alikuwa amezeeka. Alinijua mara moja, akaniletea kiti, yeye akabaki amesimama. Mimi Mjaluo, yeye Mkuria, tukazungumza Kiswahili chetu cha huku.

"Mzee Mwita, mbona hukuwahi kuja siku ya wazazi hata mara moja?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwalimu, wewe uliniambia mbele ya watu mimi si mzazi. Sasa hiyo siku ni ya wazazi. Ningekuja kama nani?"

Niliikunjua barua ya mwaliko, nikaikunja tena.

"Kila wakifunga shule nilikuwa naenda kwa chifu msaidizi, namuuliza, huyo msichana ako mzima? Anapiga simu kwenu, ananiambia ako mzima. Narudi nyumbani. Dada yangu kule Migori hataki nifike kwa geti."

Nilizikumbuka simu zile. Kila muhula chifu msaidizi alikuwa akipiga, na mimi nilikuwa nikisema, "Afisi siku hizi inafuatilia vizuri."

"Nilikosea," nilimwambia. "Ulikosea kumfungia mtoto, na sitasema hukukosea. Lakini mimi nilikutazama nusu saa nikaandika maisha yako yote. Naomba msamaha, Baba Boke."

Alichukua jani, akalitunga, akachukua jingine. "Kufunga nilikosa," alisema. "Nilijua hata siku ile ya kwanza nikifunga. Lakini nikifungua, naona lori. Kila siku nasema nitafungua kesho." Kisha akauliza onyesho ni saa ngapi.

Alikuja amevaa koti ambalo nadhani lilikuwa la harusi yake. Nilimketisha safu ya pili. Faith, aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza kazini, ndiye alikuwa msomaji wa sauti, mnaweza kumuuliza kama natia chumvi.

Boke aliingia na funguo zikining'inia kiunoni, akawa mtu wa kutisha. Alipomdanganya mfalme, mikono yake ilikuwa laini kama ya mhubiri. Mama mmoja kutoka Oyugis alisema kwa sauti, "Huyu ashikwe!" Kisha likaja lile onyesho. Boke alikaa chini mbele ya mlango tuliojengewa na Okelo, siku zake za mwisho kabla hajastaafu. Mikono yake ikawa midogo, ikijificha karibu na tumbo, na Faith akapunguza sauti: "Nilifunga ili nitawale. Leo ningefungua, lakini kila siku niliyochelewa imekaa nje ya mlango huu inaningoja."

Yule mama wa Oyugis alinyamaza. Mwita alikuwa ameegemea mbele, mikono imeshikana katikati ya magoti.

Msimamizi hakufungua. Tanzia ni tanzia. Mtoto wa mfalme alikufa, na Boke hakuomba huruma ya mtu: alisimama mbele ya mfalme, akavua funguo akaziweka chini, akangoja hukumu yake. Watu walipunga mikono hewani, ndivyo tunavyopiga makofi, nami nikaona mikono miwili myeusi ya tumbaku ikipunga pamoja na mingine, ikichelewa kidogo.

Baadaye walikutana nyuma ya ukumbi. Walisimama wakitazamana, hatua tatu kati yao. Mwita akanigeukia. "Mwambie naomba msamaha."

Nikainua mikono nitafsiri. Boke akanizuia. "Mwalimu, weka mikono yako chini. Nataka atumie yake."

Nikamweleza Mwita. Alitazama mikono yake kama vyombo vya mtu mwingine. Nilimwonyesha ishara ya samahani, akaijaribu, lakini aliifanya chini sana na kwa nguvu nyingi, ikawa kama mtu anayesema tumbo linamuuma. Boke alicheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, kisha akavuka zile hatua tatu, akashika mkono wa baba yake akaupandisha mahali pake, akamfanyisha tena. Na tena. Mara ya nne alipatia.

Boke hakujibu "nimekusamehe." Alisema, nami nikatafsiri hili kwa idhini yake: "Njoo siku ya wazazi. Uje na daftari. Una mengi ya kujifunza."

Kwenye tamasha hatukupita. Mwamuzi aliandika kwamba uchezaji ni wa hali ya juu lakini "haijabainika kama Msimamizi ni mwovu au la." Wanafunzi walikasirika, Otieno kuliko wote, ambaye sasa alikuwa mtetezi mkubwa wa Funguo. Mimi nilikunja uso kwa desturi, ila moyoni nilijua yule mwamuzi alikuwa ametazama vizuri. Mwaka uliofuata nilibadilisha swali langu darasani. Niliuliza: "Msimamizi alitenda nini, na alikuwa nani?" Majibu yalikuwa marefu na yenye makosa mengi zaidi ya sarufi, na nilifurahia kuyasahihisha.

Mwita alikuja na daftari. Alikuja kila siku ya wazazi hadi Boke alipomaliza, na alichora mikono kwa kalamu ya risasi, mikono mibaya sana kama mizizi ya mihogo, chini yake akiandika maneno. Msiwakatie tamaa wazazi wanaochelewa. Msiwaachie pia, waambieni walichokosea. Mambo hayo mawili yanawezekana siku moja, kwa kinywa kimoja, ingawa mimi ilinichukua miaka kumi na moja kuyaweka pamoja.

Boke sasa anafundisha wadogo katika kitengo cha viziwi huko Kuria, na anaishi kwa baba yake. Mwezi uliopita alinialika chakula. Nilikuta wawili hao uani wakibishana kwa mikono, kasi ajabu, ishara za shule zimechanganyika na za kwao walizojitungia, mzee akikanyaga chini kwa kisigino kila alipotaka kupewa zamu. Nilisimama getini na miaka yangu thelathini na mitano ya kazi, sikuambulia hata sentensi moja nzima.

Boke aliponiona nilimuuliza wanabishania nini.

"Mambo ya nyumbani, mwalimu," alisema, akanivutia kiti. "Kunywa chai." Kisha akamgeukia baba yake wakaendelea.